Msimu Uandikiwe Mwisho Wake Kabla ya Kipenga cha Kwanza

Ratiba ya ligi ya visiwani haiandikwi kwa kalenda ya ukutani peke yake. Anayepanga mechi kati ya timu ya Lamu mjini na timu ya Faza au Siyu hana budi kujua mwezi umefika siku ya ngapi, kwa kuwa boti za kutoka Mtangawanda, gati ya kisiwa chao cha Pate, hupitia mlango wa Mkanda, na maji ya Mkanda yakipwa hayapitishi chombo kilichopakia kikosi kizima na mizigo yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na kujaa tena alasiri, kisha hupwa sana panapo saa nne asubuhi. Timu iliyochelewa kuondoka kwao hukaa juu ya fungu la mchanga ikisubiri, huku vijana wa uwanja wamekwisha kuchora mistari kwa chokaa. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, hesabu hugeuka. Juu ya maji kuna upepo: kusi ikishika kasi katikati ya mwaka, zipo wikendi ambazo hakuna mzazi anayemruhusu mwanawe kupanda boti kwa ajili ya mpira, na mimi siwalaumu wazazi hao. Ongeza Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja, na Maulidi yanayoujaza mji wageni, utaona kwamba sisi tunaopanga ligi hizi tulikuwa tumezoea ratiba yenye masharti muda mrefu kabla ya korona.

Nayasema haya kwa sababu katika mkutano wa maandalizi ya msimu huu baadhi ya wawakilishi wa vilabu walipendekeza tufute katika kanuni zetu kile tunachokiita kifungu cha kusimama, yaani sehemu inayoeleza ligi ikikatizwa itahesabiwaje. Hoja yao ni kwamba Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza, tarehe 5 Mei 2023, kuwa korona si dharura ya kimataifa tena, barakoa zimevuliwa, na kanuni ndefu huwachosha vijana. Naipinga hoja hiyo kwa moyo wangu wote, na ningependa kueleza kifungu hicho kilitokana na nini.

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa, tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa, na tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Jirani zetu wa Kilifi, pamoja na mji wao wa Malindi, walifungiwa mipaka ya kaunti tangu Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, sawa na watu wa Kwale. Mombasa ikasubiri mpaka Julai. Lamu hatukufungiwa, lakini njia yetu ya nchi kavu kwenda Mombasa hupita Malindi, kwa hiyo mlango uliofungwa kwao ulitufunga na sisi. Mahoteli ya Shela, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakinunua jezi na mipira kwa timu zetu nyingi, yalibaki bila mgeni hata mmoja, na wachezaji waliokuwa wakifanya kazi huko wakarudi majumbani. Mpira wa ligi ukasimama nchi nzima.

Tarehe 30 Aprili Shirikisho la Soka la Kenya likatangaza kwamba msimu wa 2019/20 umekwisha na kwamba Gor Mahia, waliokuwa wakiongoza msimamo, ndio mabingwa. Uamuzi huo ulipingwa, shauri likafika mbele ya Jopo la Kutatua Migogoro ya Michezo, na kwa muda mrefu mashabiki wakawa wanajadili vifungu vya sheria badala ya mabao. Sina nia ya kuhukumu hapa nani alikuwa na haki. Kilichonishughulisha ni wakati ambao swali lenyewe liliulizwa. Liliulizwa mechi zikiwa zimekwisha kuchezwa, msimamo ukiwa unaonekana na kila mtu, na kila klabu ikijua wazi ni jibu gani lingeifaa. Katika hali hiyo hata mtu mwaminifu hawezi kuaminiwa na mwenzake, kwa kuwa kila anachopendekeza, hata kiwe cha busara namna gani, kinaonekana kimekatwa kwa kipimo cha mwili wake.

Nchi zilizotutangulia kwa mali na wanasheria hazikuponea. Uholanzi ilisimamisha ligi yake kabisa mwezi Aprili 2020 bila bingwa, bila kupanda wala kushuka daraja. Ajax na AZ walikuwa na pointi 56 kila mmoja, wakitofautiana kwa mabao tu, kwa hiyo kuacha kombe bila mwenyewe pengine kulikuwa na mantiki yake. Lakini katika daraja la pili klabu ya Cambuur ilikuwa kileleni, ikiwaacha kwa mbali wanaowania nafasi ya kupanda, na ikaambiwa ibaki palepale. Cambuur na De Graafschap walikwenda mahakamani Utrecht na wakashindwa. Ufaransa iliifunga ligi yake ikiwa imechezwa mechi 28 kwa timu nyingi, ikaipa taji Paris Saint-Germain. Ubelgiji iliipa Club Brugge, na huko hapakuwa na manung'uniko makubwa juu ya ubingwa, kwa sababu Brugge walikuwa mbele kwa pointi 15 na raundi moja tu ilikuwa imesalia kabla ya mchujo. Scotland iliishusha Hearts, waliokuwa mkiani, pointi nne nyuma ya waliowatangulia, huku wamebakiwa na mechi nane. Mechi nane ni pointi 24. Sijui nani angeweza kuapa kwamba Hearts wasingezipata nne katika hizo.

Dawa iliyotumika mahali pengi ilikuwa wastani wa pointi kwa kila mechi, na ni dawa inayoonekana ya haki mpaka uitazame karibu. Chukua daraja la tatu la Uingereza msimu huo. Tranmere Rovers walikuwa na pointi 32 katika mechi 34. AFC Wimbledon, waliokuwa juu yao, walikuwa na pointi 35 katika mechi 35. Tranmere wangeshinda kiporo chao kimoja, yaani mechi waliyokuwa hawajaicheza, wangelingana kwa pointi. Wastani ukasema Wimbledon wana pointi moja kamili kwa mechi na Tranmere wana chini kidogo ya hapo, na kwa sehemu hiyo ya pointi klabu nzima ikashuka daraja. Wastani haujui umecheza na nani na nani hujacheza naye. Timu iliyokwisha kukutana na vigogo wote na kubakiwa na wanyonge hupimwa sawa na timu iliyofanya kinyume chake. Nilipoielewa hesabu hii vizuri ndipo nilipoona kwamba tatizo letu lingetatuliwa mapema, katika namna ya kupanga ratiba, kabla halijawa la kutatuliwa kwa kikokotoo.

Wako waliosema tuige waliorudi uwanjani. Ujerumani ilirudi tarehe 16 Mei 2020 katika viwanja vitupu, Uingereza tarehe 17 Juni, na karibu na sisi Tanzania ilirudi tarehe 13 Juni, Simba wakatwaa ubingwa kwa msimu wa tatu mfululizo. Lakini uwanja mtupu ni uwanja wenye ukuta na lango. Uwanja wetu hauna ukuta. Upande mmoja kuna nyumba za watu, upande mwingine kuna njia ya kwenda kisimani, na mtu aliyesimama barazani kwake akitazama mpira hawezi kuambiwa arudi ndani. Tulitafakari kuzungushia kamba na kutangaza kwa kipaza sauti, na mzee mmoja akauliza swali ambalo halikupata jibu: kamba itamzuia nani, ugonjwa au watoto?

Basi tulipopata nafasi ya kupanga msimu mwishoni mwa 2020, wakati ligi kuu ya taifa nayo ilipoanza upya mwezi Novemba, tulianza kwa kuuliza ligi ndogo ya timu kumi ipangwe vipi ili ikikatwa popote iumize wachache. Timu zilikuwa nne za mjini, pamoja na Shela, Matondoni, Mokowe, Hindi, Faza na Siyu. Njia ya kupanga mzunguko ni ya zamani na haihitaji kompyuta: unaiandika timu moja juu ya karatasi na huisogezi, zile tisa zilizobaki unazipanga kwa duara na kuzisogeza hatua moja kila wiki, na baada ya wiki tisa kila timu imekutana na kila timu mara moja. Jumla ni mechi 45. Ukirudia mzunguko kwa kubadilisha nyumbani na ugenini zinakuwa 90. Hapo ndipo tulipokubaliana juu ya jambo ambalo bado naliona ni uti wa mgongo wa kanuni zetu: mzunguko wa kwanza uhesabiwe kuwa ligi kamili kwa haki yake. Ukikamilika, hata kama wa pili hautakamilika, msimamo wake ndio msimamo, kwa sababu ni mahali pekee, kabla ya mwisho wa msimu, ambapo hakuna anayeweza kusema mwenzake amebebwa na wapinzani rahisi.

Palikuwa na kasoro, na ilionwa na mwakilishi wa Hindi, si mimi. Mechi tisa haziwezi kugawanywa sawa kati ya nyumbani na ugenini. Timu tano hupata mechi tano nyumbani, na tano zilizobaki hupata nne. Nani apewe ile ya ziada? Tulizipa timu zinazosafiri mbali, yaani Faza, Siyu, Hindi, Mokowe na Matondoni, na timu za mjini na Shela zikakubali kwa kuwa hazina nauli ya kutafuta. Kwa Faza na Siyu tukafanya zaidi: safari zao za mjini zilipangwa Jumamosi na Jumapili ya wikendi moja, mechi mbili kwa nauli moja, wachezaji wakilala kwa jamaa zao Langoni na Mkomani. Hata kafyu iliposogezwa hadi saa nne usiku, timu iliyomaliza mpira magharibi ingeanza safari ya saa mbili na zaidi gizani, maji yakiwa yanapwa, na injini ikizimika njiani ingekutwa baharini na saa za kafyu. Nahodha wa boti naye alikuwa akichukua nusu ya abiria aliokuwa akichukua zamani, na bei ya mafuta haikujua habari ya nusu.

Viporo viliwekewa mpaka mkali. Hakuna timu iliyoruhusiwa kuwa na kiporo zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja, na kila kiporo kilitakiwa kuchezwa kabla ya raundi mbili kupita. Baadhi waliona ni ukali usio na sababu. Nilisisitiza, kwa kuwa msimamo wenye viporo vingi ni msimamo unaosema uongo, na ligi ikisimama ghafla uongo huo ndio unaobaki kwenye karatasi.

Kuhusu pesa tulikuwa waangalifu kuliko tulivyowahi kuwa. Ada ya kila klabu iligawanywa mara mbili, nusu kabla ya mzunguko wa kwanza na nusu kabla ya wa pili, ili isije ikalipwa kwa mechi ambazo hazitakuwapo. Zawadi haikutangazwa mpaka fedha yake iwe mkononi. Posho ya waamuzi ililipwa siku ileile ya mechi.

Swali gumu lilikuwa la wachezaji wagonjwa. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilikuwa imeweka kwamba timu yenye wachezaji 13 wazima, mmoja wao akiwa golikipa, itacheza. Kanuni ya Afrika iliyotumika katika fainali za Kombe la Mataifa huko Kamerun mwezi Januari 2022 ilikuwa kali zaidi: wakiwapo 11 wazima mtacheza, hata kama hamna golikipa. Sote tuliokaa mbele ya televisheni usiku wa tarehe 24 Januari tuliona maana yake. Komoro, ndugu zetu wa bahari hii hii, waliingia uwanja wa Olembe mjini Yaoundé kucheza na wenyeji bila golikipa hata mmoja. Mmoja alikuwa ameumia bega, wawili walikuwa wamekutwa na korona. Beki Chaker Alhadhur akavaa glavu, namba tatu yake ikiwa imebandikwa kwa utepe juu ya jezi ya golikipa. Nahodha wao akatolewa kwa kadi nyekundu dakika ya saba. Walicheza kumi, beki akiwa langoni, wakafungwa mabao mawili kwa moja tu, na bao lao la mpira wa adhabu la Youssouf M'Changama liliwafanya watu barazani kwetu wasimame kama waliofunga wenyewe. Nilijivunia sana. Hata hivyo sikuona kuwa ni haki, na mwaka huohuo tuliirekebisha kanuni yetu: kila klabu isajili magolikipa watatu, na mechi isichezwe kama hakuna hata mmoja wao aliye mzima.

Kifungu chenyewe cha kusimama kilikuwa kifupi. Ligi ikisimamishwa kwa amri ya serikali kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha, tunasubiri siku 60. Amri ikiondolewa ndani ya siku hizo, mzunguko wa kwanza unamaliziwa. Isipoondolewa, hakuna bingwa, hakuna anayeshuka, na ada inahamishiwa msimu unaofuata. Mzunguko wa kwanza ukiwa umekamilika na wa pili umeshindikana, msimamo wa kwanza ndio wa mwisho. Tukaongeza sentensi moja ambayo naiona ya thamani kubwa: kamati haina mamlaka ya kusimamisha ligi kwa hiari yake, kwa kuwa anayeongoza baada ya mzunguko wa kwanza angekuwa na kila sababu ya kuwashawishi wajumbe kwamba hali ni mbaya. Manahodha wote kumi wakatia sahihi kabla ya droo, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na pointi hata moja.

Tulianza Januari 2021. Tarehe 26 Machi rais akatangaza kufungwa kwa kaunti tano, Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, na michezo ikasimamishwa nchi nzima. Sisi tulikuwa raundi ya saba, raundi mbili zikiwa zimebaki na kiporo kimoja cha Siyu. Amri iliondolewa tarehe 1 Mei, katikati ya Ramadhani. Tukangoja Idi ipite, tukarudi uwanjani siku chache kabla ya muda wa siku 60 kuisha, tukamaliza mzunguko wa kwanza, na kusi ikawa imekwisha kuingia. Mzunguko wa pili haukuwezekana. Timu moja ya mjini ilikuwa ya pili kwa pointi moja tu, na kila mtu alijua ilikuwa imeimarika kuliko iliyo juu yake. Nahodha wao alinijia baada ya mechi ya mwisho, viatu mkononi, miguu imejaa mchanga, na mimi nikajiandaa kwa maneno makali.

“Ami,” akaniambia, “roho yauma. Lakini sahihi ni yangu.”

Akaenda kumpa mkono nahodha wa mabingwa. Hapakuwa na barua ya malalamiko, hapakuwa na kikao cha usuluhishi, na msimu uliofuata timu zote kumi zilirudi.

Hicho ndicho wanachotaka kukifuta. Wanasema korona imekwisha, nami nakubali. Lakini ligi hukatizwa na mengi. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa kafyu ya usiku iliyodumu miezi, kabla hatujalijua neno korona. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalivuruga barabara ya Garsen, na mabasi na malori yakakwama. Kama ningekuwa na la kurekebisha, ningeondoa maneno “kwa sababu ya ugonjwa” yaliyobaki katika utangulizi wa kifungu na kuandika “kwa sababu yoyote itakayothibitishwa na amri ya serikali au kwa kufungwa kwa njia ya bahari au barabara”. Ningepunguza pia muda wa kusubiri kutoka siku 60 hadi 45 pale usimamishaji unapotokea baada ya Aprili, kwa kuwa baada ya hapo kusi haimngoji mtu.

Na kwa wanaosema kanuni ni ndefu: kifungu kizima kinaingia katika nusu ukurasa wa daftari. Msimu huu ligi ya wasichana inaanza kwa timu sita, mechi 15 katika mzunguko wa kwanza, na wao hawajawahi kuwa na kanuni zozote zilizoandikwa. Nimewapelekea manahodha wao rasimu yenye kifungu hicho waisome wenyewe na kurekebisha wanavyoona inafaa, kisha tutie sahihi siku ya droo, kabla timu yoyote haijapata pointi.